Darasa Juu ya Bucha la Farasi

Profesa Anselme Tourvieille alikuwa na tabia ya kula mayai ya kuchemsha juu ya piano. Aliyagonga kwenye ukingo wa kifuniko, akayamenya kwa kucha zilizojaa rangi nyeupe, na maganda akayaacha palepale mpaka yadondoke katikati ya vitufe. Nilimwambia mara mbili. Mara zote mbili alinitazama kwa ule uso aliokuwa akiutumia kufundishia "mtakatifu anayeonewa", wanafunzi wakapiga makofi, nami nikabaki kuchokoa maganda kwa pini ya nywele.

Mimi nilikuwa mpiga piano wa darasa lake la maigizo bubu, pale mtaa wa Batignolles, Paris, kwenye ukumbi wa ghorofa ya pili juu ya bucha la nyama ya farasi. Jina langu ni Honorine Gaschet. Mume wangu alikufa kwa ugonjwa wa kifua, na baada ya hapo nilifundisha watoto wa watu kupiga piano hadi masikio yakachoka. Profesa aliponiita nilikwenda mbio. Nilidhani nakwenda kwenye sanaa.

Wakati wa joto harufu ya damu ilipanda kupitia mbao za sakafu. Hiyo niliizoea. Ambayo sikuizoea ni ile rangi ya uso. Profesa aliichanganya mwenyewe, unga mweupe na mafuta ya nguruwe, akaihifadhi kwenye chupa iliyowahi kuwa ya achari. Mwezi wa Agosti mafuta yalikuwa yanachacha. Yeye hakujali. Alilamba kidole gumba, akakichovya, akampaka mwanafunzi kutoka paji la uso hadi kidevuni, kisha akalamba tena na kuchovya kwa ajili ya mwingine. Walijipanga foleni, mabinti wa watu wenye hadhi zao, wamefumba macho.

Lakini nisimsingizie. Mtu yule alikuwa anajua kazi yake. Alikuwa mtoto wa mji wa Marseille, amelelewa na wazee wa maigizo bubu, wale waliofundisha ishara kama watoto wanavyofundishwa herufi: mkono kifuani ni nakupenda, kidole kikizunguka uso ni mrembo, ngumi mbili zikigongana ni ugomvi. Yeye aliyadharau hayo yote. "Hizo ni ishara za kununulia dagaa!" alikuwa akifoka. "Mimi sitaki ishara, nataka mtu! Jisikie kwanza, mwili utafuata wenyewe." Halafu alibeba ndoo isiyokuwepo kutoka mlangoni hadi dirishani, na wewe ungeapa kwamba maji yamemwagikia kiatu chake. Ndiyo maana nilikaa miaka mitatu.

Tamaa yake ilikuwa moja. Alitaka maigizo bubu yafundishwe katika chuo cha serikali, na mwalimu awe yeye. Alianzisha chama cha kuinua sanaa hiyo, akajiteua katibu na mwenyekiti. Aliandika barua kwa waziri, kwa magazeti, kwa wake wa matajiri. Alitoa mihadhara kwenye sebule za watu, chai mkononi, akisema kwamba watu wakiacha maneno vita vitakwisha, maana mkono haujui Kijerumani wala Kifaransa. Mabibi walilia. Mimi nilikuwa kwenye piano za watu, nikipiga taratibu chini ya maneno yake.

Zélie Morand alikuja darasani mwaka wa 1911, mwezi wa pili, kushona mavazi. Alikuwa kiziwi tangu homa ya utotoni, mwanamke wa miaka kama thelathini na miwili, mwembamba, mwenye vidole virefu vilivyojaa matundu ya sindano. Alisoma midomo ya watu, akajibu kwa kuandika kwenye daftari dogo lililoning'inia kiunoni, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Sauti yake hakuitumia kabisa. Shuleni walimfundisha kwa nguvu kuitoa, wamemkalisha juu ya mikono yake ili asiongee kwa ishara, na siku alipotoka shule aliamua hataitoa tena maisha yake yote. Hayo aliniandikia baadaye, tulipokuwa marafiki.

Maana tulikuwa marafiki. Wenzake wa klabu ya viziwi walikutana Jumapili katika mkahawa mmoja karibu na stesheni, na alinichukua mara kadhaa. Alinifundisha ishara, akacheka jinsi mikono yangu ilivyokuwa mizito. "Mpiga piano gani huyu," aliandika, "vidole vina kigugumizi."

Siku moja mwenye duka la vifungo alimletea mzigo wenye upungufu, Zélie akamwita rafiki yake kiziwi mwenzake awe shahidi, na wawili wakaongea ugomvi ule kwa mikono pale pale kwenye ngazi. Profesa alitoka ofisini, akasimama. Niliona jinsi alivyomtazama. Paka akiona samaki hutazama vile, ila paka ana haki yake.

"Bi Honorine," akaninong'oneza, ingawa hakukuwa na wa kusikia ila mimi. "Umeona mabega yale? Umeona? Miaka ishirini nawatafutia hawa mbumbumbu mwili unaosema kweli, kumbe uko kwenye ngazi unanishonea suruali!"

"Anaongea tu, Bwana Profesa. Ndiyo lugha yake."

"Lugha! Mama wee, lugha ni kitu cha midomo. Yule anatoa roho nje."

Kuanzia hapo Zélie alipewa kiti mbele ya darasa. Alitakiwa aeleze jambo lolote, safari ya sokoni, mvua, jirani mlevi, na wanafunzi wamwige. Mwanzoni alifurahi. Nani amewahi kumwambia kiziwi mikono yake ni mizuri? Shuleni mikono hiyo ilizuiwa. Hapa watu waliivulia kofia. Aliniandikia: "Mama yangu angeona."

Mwanafunzi aliyependelewa alikuwa binti wa mfanyabiashara wa mvinyo, Léontine Daubrac, msichana mwenye shingo ndefu na huruma fupi. Huyo aliiga kila kitu upesi. Aliiga hata namna Zélie alivyokuwa akiinamisha kichwa kusoma midomo, na Zélie akiwa amegeuka wanafunzi wengine walikufa kwa kucheka.

"Bi Gaschet, mbona umenuna kama umemeza ndimu?" aliniuliza siku moja.

"Fanya zoezi lako, mwanangu."

"Si ndilo zoezi lenyewe!"

Mwezi wa nne Profesa akataka huzuni. Alisema kamati ya chuo itakuja kwenye onyesho la mwezi wa sita, na kamati haishawishiki kwa vichekesho. "Nataka msiba," alisema. "Msiba wa kweli, siyo wa kuazima." Akanivuta pembeni. "Wewe ni shoga yake. Yule mwanamke ana kitu. Mwambie atupe."

Nilijua ana kitu. Alikwisha kunieleza. Alikuwa na mtoto wa kike, Ninon, wa miezi minane. Mchana mmoja Zélie alikaa dirishani kwenye cherehani, kwa sababu ya mwanga, amempa mgongo mtoto aliyekuwa kwenye kiti chake kirefu na ukoko wa mkate mkononi. Mtoto alikabwa. Alikohoa, akagonga miguu, pengine alilia kidogo pumzi ilipokuwepo. Zélie alimaliza pindo la sketi. Alipogeuka amwonyeshe uso wa kufurahisha, kama alivyofanya kila baada ya pindo, mtoto alikuwa amegeuka rangi ya buluu.

Hilo ndilo nililokwenda kumwomba.

Nilimwambia itawasaidia wanafunzi. Nilimwambia hakuna atakayejua ni la nani, litachanganywa na mengine. Alinitazama midomo muda mrefu baada ya mimi kunyamaza. Kisha akaandika: "Wewe unaona ni vizuri?" Nikatikisa kichwa kukubali. Siku zile nilikuwa na hofu ya kurudi kwa watoto wa watu na mazoezi yao ya vidole. Nasema tu ilivyokuwa, sijitetei.

Akawaeleza. Ukumbi ulikuwa kimya isipokuwa shoka la bucha chini. Sikupiga piano. Mikono yake ilishona, ikaachia kitambaa, ikageuka. Alipofika kwenye kugeuka, wanafunzi wawili walianza kulia kweli. Profesa hakulia. Alikuwa ameshika kidevu, akizunguka nyuma yake kama mnunuzi wa ng'ombe.

"Tena," alisema, akisogeza midomo wazi asomwe. "Taratibu zaidi."

Akarudia.

"Léontine, njoo. Weka mkono mgongoni pake. Hapa, chini ya bega. Usikie pumzi inavyokatika. Tena, Bibi Morand!"

Mara ya tatu ishara za Zélie zilivurugika nisizielewe tena. Léontine alikuwa amefumba macho, kiganja kimebanwa kwenye mgongo wa mwenzake, akitikisa kichwa kama daktari. "Naipata," alisema. "Naipata, Profesa. Inaanzia kwenye mbavu!"

Nami nikachokoa maganda ya yai katikati ya vitufe.

Baada ya siku kumi mchezo ulikuwa tayari, ukiitwa Mama Asiyesikia. Zélie alirudishwa kwenye korido na sindano zake na mlango ukafungwa. Aliambiwa ashone gauni la mama na nguo za mwanasesere. Hakuambiwa zaidi, na kwa kuwa nilikuwa nimemwahidi kwamba hakuna atakayejua ni la nani, hakuuliza.

Muziki nilitunga mimi. Na hapa ndipo pananichafua roho kuliko pote. Profesa alisema kilio kitupu hakiuziki, sharti watu wacheke kwanza ili walie vizuri. Kwa hiyo kabla ya mtoto kufa aliweka kichekesho. Mama anashona, mtoto nyuma anarusha kijiko, mama hasikii. Mtoto anaangusha sufuria, mama hasikii. Jirani anaingia, anapiga tarumbeta sikioni pake, mama anafukuza nzi. Akaniamuru nitie polka, muziki wa kuchezea kwa kurukaruka. Nikatia polka nzuri sana. Kila mazoezi wanafunzi waliokuwa wakitazama walicheka hadi wakajishika mbavu, na Zélie alikuwa upande wa pili wa mlango ule, hatua sita, akishona kola.

Wiki ya mwisho Profesa akaniambia mwanasesere anaonekana wa dukani mno. "Kinahitajika kitu chenye uhai. Yule si ana vitu vya mtoto wake? Mwombe shali. Sema Léontine anataka kunakili ufumaji."

"Bwana Profesa, hilo siwezi."

"Utaweza. Umeweza lile kubwa."

Nikaweza. Shali ilikuwa ya sufu ya rangi ya maziwa, ina doa dogo kwenye kona ambalo Zélie hakuwahi kulifua. Alinipa ikiwa imekunjwa kwenye karatasi, akanionyesha kwa ishara: mpaka Jumapili tu. Nikatia karatasi ile mkobani nikashuka ngazi nikijichukia. Usiku huo niliandika barua fupi ya kumweleza kila kitu. Ilikaa mfukoni mwa koti langu siku tano.

Siku ya onyesho, Jumamosi saa nane mchana, ukumbi wa kukodi ulijaa. Mstari wa mbele walikaa mabwana watatu wa kamati na mabibi wa chama na kofia zao za manyoya. Na mstari wa pili na wa tatu, upande wa kulia, walikaa viziwi ishirini na wawili. Profesa ndiye aliyewaalika, kupitia kwa Zélie. "Wakishangilia wale, nani atasema sanaa yetu si lugha ya dunia nzima?" Aliwaita na waandishi wa magazeti wawatazame wakitazama. Zélie alikuwa katikati yao, amevaa gauni la kijani nililokuwa sijaliona. Alikuwa akiwaonyesha wenzake kwamba yale mapazia kashona yeye. Aliniona kwenye piano akanipungia.

Pazia likafunguka. Nilipiga wimbo wa kumbembeleza mtoto. Léontine alikuwa kwenye cherehani, mgongo kwa mtoto.

Sikutaka kutazama, lakini piano ilikuwa imewekwa kando, nyuso zote ziko mbele yangu. Niliona Zélie akielewa. Haikumchukua muda. Mikono yake iliyokuwa ikiongea ikashuka mapajani.

Kisha polka. Kijiko. Sufuria. Mabibi walianza kutikisika, manyoya yakipepea, na bwana mmoja wa kamati akatoa kicheko kama cha mbuzi. Tarumbeta ilipowekwa sikioni ukumbi mzima ulipasuka. Isipokuwa viziwi. Wale ishirini na wawili walikaa kama watu waliomwagiwa maji ya choo hadharani, hawajui waanze kufuta wapi. Mzee mmoja kati yao aligeuka nyuma na kutazama vinywa vilivyo wazi, kimoja baada ya kingine. Alitazama meno yao.

Nami nilikuwa napiga. Mikono yangu ilikuwa inaruka.

Zélie akasimama. Akapita mbele ya magoti ya watu, akapanda ngazi tatu za kando ya jukwaa. Léontine alikuwa amekwisha kugeuka, amemnyakua mwanasesere, pumzi inakatika kuanzia mbavuni kama alivyojifunza. Zélie akamkaribia. Hakumpiga. Hata hakumtazama. Alimfungua mwanasesere ile shali, polepole, kwa uangalifu wa mtu anayemfungua mtoto aliyelala, akaacha lile umbo tupu la mwanasesere mikononi mwa Léontine. Akaikunja mara nne, doa kwa ndani. Akateremka, akapita katikati ya ukumbi, akatoka. Viziwi wakainuka wote wakamfuata.

Ndipo makofi yalipolipuka.

Walisimama. Mabibi walikuwa wakilia kwa sauti, wakirusha maua. "Mzuka wa mama mwenyewe!" bibi mmoja alimwambia jirani yake. "Amekuja kuchukua roho ya mtoto. Ajabu gani hii, bila neno hata moja!" Bwana wa kamati alikuwa amesimama anafuta miwani.

Nilifunga kifuniko nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikatapika kwenye ndoo ya mchanga ya kuzimia moto. Hapo Profesa alinikuta. Machozi yalikuwa yamechora mifereji kwenye mafuta yake, uso ukanuka kama kikaango cha jana.

"Umeona?" alinishika mabega. "Umeona dhahabu ile? Ningekaa miaka mia nisingeibuni! Nani alimwambia apande? Wewe?"

"Hakuna aliyemwambia. Amechukua kitu chake."

"Basi ni kipaji cha kuzaliwa. Nisikilize, mama: Jumamosi ijayo tunarudia mbele ya waziri mdogo. Sharti apande tena. Wakati uleule. Mwambie apite kati ya watu vilevile."

"Hatakuja."

"Asipokuja tutavika mwingine gauni la kijani. Léontine ana binamu." Akafikiri. "Ila shali ndiyo shida. Fuma nyingine. Weka na doa."

Nikamwambia maneno niliyokuwa nimeyabana miaka mitatu. Nikamwambia ni mchafu, na uchafu wake hauko kwenye kucha. Nikamwambia amemla mtu mzima mzima na mifupa. Alinisikiliza kwa utulivu, akijifuta kwa taulo, rangi ikitoka kwa mabonge.

"Umemaliza?" aliuliza. "Na ile polka aliitunga nani? Nilicheka mimi mwenyewe, nakiri. Ni kazi bora uliyowahi kufanya."

Nilichukua koti langu nikaondoka, na sikuwahi kurudi juu ya bucha lile.

Gazeti la Jumatatu liliandika kwamba kwenye onyesho lile maigizo bubu yamefikia utu uzima, na kwamba kitendo cha mwisho, cha mzuka kutoka katikati ya watazamaji, hakijawahi kuonekana Paris. Profesa alipigwa picha. Kabla ya mwaka kwisha alipewa darasa lake, na kadi zenye jina lake zikachapishwa upya. Huo ndio mwisho wa habari zake kwa upande wangu.

Kwa Zélie nilikwenda Jumapili, kesho yake ya onyesho. Mlangoni pake palikuwa na kamba badala ya kengele. Ukiivuta, kitambaa chekundu hupepea ndani mbele ya cherehani. Nilivuta mpaka mkono ukaniuma. Nilijua yumo, nilisikia cherehani inakwenda. Nilirudi Jumanne. Alhamisi akafungua.

Nilikuwa na ile barua. Nilimpa ilivyo, na makunyanzi yake, ili aone kwamba iliandikwa kabla. Labda nilidhani hilo litanisaidia. Aliisoma amesimama mlangoni. Akatazama tarehe. Akachukua daftari.

"Wewe unasikia," aliandika. "Uliwasikia wakicheka siku ngapi?"

Nilihesabu. Nikamwonyesha kwa vidole: kumi na tisa.

Akaandika tena, akibonyeza penseli. "Mimi nilikuwa nyuma ya mlango."

Nikamwambia najua. Nikaanza kulia, na hapo uso wake ukakunjamana kwa kinyaa, kinyaa halisi, kama mtu aliyekanyaga kitu barabarani. Akanionyesha ishara niliyoifahamu: acha. Kisha akaandika kwa muda mrefu, akanichania karatasi, akafunga mlango. Nilisoma kwenye ngazi.

"Usinililie mimi. Wenzangu wanadhani niliwauza. Wanasema nilijua, nikawaalika waje kuchekwa. Mzee Bastien hanipi mkono. Njoo Jumapili uwaambie wewe. Kwa mikono. Sitakutafsiria na huruhusiwi kuandika."

Siku tatu nilifanya mazoezi mbele ya kioo. Kuna ishara sikuwa nazo, nikazitunga, halafu nikaziacha, maana nilijiona nafanana na Léontine.

Jumapili mkahawa ulikuwa umejaa. Nilipoingia mikono yote ikanyamaza. Zélie alikuwa amekaa peke yake kwenye meza ya karibu na dirisha. Bastien, yule mzee aliyekuwa ametazama meno ya watu ukumbini, alisogeza kiti chake ili anione vizuri, akakunja mikono kifuani.

Nikasimama. Nikaanza. Mwanamke huyu, hakujua. Mimi, nilijua. Msiba, niliomba mimi. Shali, niliomba mimi, kwa uongo. Mlango, ulifungwa. Mikono yangu ilikwenda vibaya, nikarudi nyuma, nikaanza tena. Mhudumu, ambaye alikuwa anasikia, alisimama na sinia lake akidhani mimi ni mwendawazimu. Nilipofika kwenye kicheko sikuweza. Nilikuwa nimesahau ishara yake, au ilikataa kutoka. Nilibaki mikono hewani.

Bastien akainuka. Nilidhani ananijia kunipiga, na ningesimama anipige. Alishika mkono wangu wa kulia, akaurekebisha vidole, akausogeza karibu na mdomo wangu, akautikisa mara mbili. Ndivyo inavyosemwa. Akarudi akakaa, akanipa ishara niendelee.

Nikaendelea. Walicheka, siku kumi na tisa. Muziki, wangu.

Nilipomaliza, bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango alitema mate sakafuni, mbele ya viatu vyangu, akageukia mchezo wake wa domino. Wengine waliongea wenyewe kwa wenyewe, upesi mno nisishike hata moja. Bastien akasimama, akaenda mpaka meza ya dirishani. Alimnyoshea Zélie mkono. Zélie aliuacha hewani kwa muda, kama yeye alivyokuwa ameuacha wake, halafu akaushika. Wakamvutia viti, wakasogeza vikombe.

Hakuna aliyenitazama tena. Nilivaa koti langu. Zélie alikuwa anawaeleza jambo, mikono yake inakwenda kama mwanzo, nami niliona mgongo wake tu. Nikatoka, nikatembea hadi nyumbani kwa miguu, na Jumapili iliyofuata nilirudi, kwa kuwa hakuna aliyenikataza.